Leseni Mpya, Mikopo Mibichi

Januari 1993 Benki Kuu ya India ilitoa mwongozo wa kuruhusu benki mpya za binafsi, baada ya zaidi ya miongo miwili ambamo benki kubwa za nchi hiyo zilikuwa mikononi mwa serikali. Katika kundi la kwanza la zilizopata leseni, mbili zilifungua milango zikiwa zimepishana miezi michache tu: Global Trust Bank ya Hyderabad na HDFC Bank ya Mumbai. Hisa za zote mbili ziligombaniwa. HDFC Bank ilipouza hisa zake kwa umma Machi 1995, kwa rupia 10 kila moja, maombi yalifika mara 55 ya hisa zilizotolewa.

Miaka tisa baadaye, tarehe 24 Julai 2004, shughuli za Global Trust Bank zilisimamishwa kwa amri ya serikali. Wateja wakawekewa kikomo cha kutoa rupia 10,000, na wiki tatu baadaye benki hiyo ikamezwa na Oriental Bank of Commerce. Amana zikahamia kwa mmiliki mpya zikiwa salama. Wanahisa hawakupewa hata hisa moja ya benki iliyowameza. HDFC Bank, iliyotoka katika kundi lile lile la leseni, ndiyo leo benki kubwa kuliko zote za binafsi nchini humo.

Nimekaa mara nyingi na watu wenye akiba ndogo wakipitia waraka wa matarajio wa benki changa, ule unaotolewa hisa zinapouzwa kwa umma, kalamu mkononi, wakitafuta ukurasa utakaowaambia kama hii ni HDFC Bank au ni Global Trust. Ukurasa huo haupo, na waandishi wa waraka hawajauficha. Kinachozitenganisha benki mbili za aina hii huonekana kwenye mikopo, na mkopo huhitaji miaka kadhaa ndipo uoneshe sura yake. Siku ya mauzo ya kwanza ya hisa, mikopo mingi ama haijatolewa ama imetolewa juzi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitautetea: mwekezaji mdogo hana sababu ya kukimbilia hisa za benki iliyopata leseni sasa hivi, na anachopoteza kwa kusubiri ni kidogo kuliko anavyoambiwa.

Tuanze na leseni yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Watu huisoma kama cheti cha ubora. Benki kuu imekagua, wanasema, kwa hiyo benki ni nzuri, kwa hiyo hisa ni nzuri. Kweli benki kuu imekagua. Imeangalia kama waanzilishi wana mtaji unaotakiwa, kama wakurugenzi ni watu wanaofaa, kama mpango wa biashara unaeleweka na kama mifumo ya kompyuta inafanya kazi. Lakini imeyakagua yote hayo kwa niaba ya mwenye amana. Mwanahisa hakuahidiwa chochote. Tena fedha zake ndizo ngao yenyewe: msimamizi anadai mtaji mkubwa ili hasara ikija imle mwanahisa kwanza, na mwenye amana awe wa mwisho kuguswa. Mtu anayenunua hisa kwa kuwa benki inasimamiwa vizuri anapaswa kujua kwamba usimamizi huo umepangwa hivyo makusudi.

Na ngao hiyo ni nyembamba. Makubaliano ya kimataifa ya Basel ya mwaka 1988 yaliweka kiwango cha chini cha mtaji kuwa asilimia 8 ya mali za benki, hasa mikopo yake, baada ya kuzipima kwa uzito wa hatari, yaani mkopo wa hatari zaidi unadai mtaji mwingi zaidi. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 ikaongezwa akiba nyingine ya asilimia 2.5. Nchi nyingi zinadai zaidi ya hapo, hasa kwa benki changa, lakini picha ni ile ile: katika kila 100 iliyokopeshwa, fedha za wanahisa ni kama 10, na zilizobaki ni za watu wengine. Kampuni ya kawaida ikipoteza asilimia 5 ya mali zake, imepata mwaka mbaya. Benki ikipoteza asilimia 5 ya mikopo yake, nusu ya fedha za wanahisa imekwenda.

Sasa tufike kwenye mikopo, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana hesabu hii ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Mkopo hauharibiki siku unapotolewa. Mkopaji ana fedha mkononi, rejesho la kwanza analilipa, la pili analilipa. Biashara ikianza kuyumba hulipa kwa kukopa kwingine. Kwa mikopo ya biashara na ya nyumba, mwaka wa kwanza huwa mtulivu karibu kila mahali, na shida hujitokeza mwaka wa pili, wa tatu, wakati mwingine wa nne. Chukua benki mpya ambayo katika mwaka wake wa kwanza inakopesha 100. Mwaka wa pili inaongeza 100, jumla inakuwa 200. Mwaka wa tatu inaongeza 200, jumla 400. Tuseme benki hii haina umakini mkubwa, na katika kila mikopo 100 inayotoa, 6 huharibika ikifika mwaka wake wa tatu. Mwisho wa mwaka wa tatu mikopo iliyofikia umri huo ni ile 100 ya mwanzo tu. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa, ni 6 kati ya 400, sawa na asilimia 1.5. Mkurugenzi mkuu anasimama mbele ya wanahisa na kusema, bila kudanganya hata neno moja, kwamba mikopo chechefu ya benki yake ni asilimia 1.5. Watu wanapiga makofi na hisa inapanda.

Benki ikiacha kukua hapo, ifikapo mwaka wa tano mikopo yote 400 imefikia umri wa kuharibika. Iliyoharibika ni 24, asilimia 6. Ubaya huo ulikuwamo tangu mwanzo, umefunikwa na mikopo mipya. Kama mtaji wa benki ulikuwa 40, na dhamana zikarudisha kidogo tu, zaidi ya nusu ya mtaji iko hatarini. Ndiyo maana nikiona benki changa inajivunia kukuza mikopo mara mbili kwa mwaka huku mikopo chechefu ikiwa karibu na sifuri, siwezi kuzihesabu kama habari njema mbili. Moja ndiyo inayoizalisha nyingine.

Jambo la pili linafuata kutoka hapo. Umri wa benki hauhesabiwi kwa miaka ya leseni yake peke yake. Benki inayokua kwa kasi hubaki changa hata baada ya miaka kumi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mikopo yake ni mibichi kila unapoitazama. Mfano ambao sichoki kuurudia ni wa Yes Bank, tena ya India. Ilipata leseni mwaka 2004, ikauza hisa kwa umma 2005 kwa rupia 45, ikakua kwa kasi iliyowashangaza washindani wake. Katika hesabu za mwaka ulioishia Machi 2016 ilitangaza mikopo chechefu ya rupia bilioni 7.5 hivi. Wakaguzi wa benki kuu walipopita kwenye mafaili yale yale walikuta rupia bilioni 49. Mwaka uliofuata benki ilitangaza bilioni 20, wakaguzi wakahesabu karibu bilioni 84. Tofauti hizi zilichapishwa hadharani na kila mtu angeweza kuzisoma. Hata hivyo Agosti 2018, baada ya kila hisa kugawanywa kuwa tano, bei ilikuwa karibu rupia 400.

Tarehe 5 Machi 2020 benki kuu iliiondoa bodi, na wateja wakawekewa kikomo cha kutoa rupia 50,000. Siku iliyofuata hisa ilifunga chini ya rupia 20. Benki ya serikali, State Bank of India, iliongoza uokoaji kwa kununua hisa mpya kwa rupia 10. Kipo kipengele kimoja cha uokoaji huo ambacho kila mwekezaji mdogo angefaa kukijua: wanahisa wa zamani waliokuwa na hisa zaidi ya 100 walizuiwa kuuza asilimia 75 ya hisa zao kwa miaka mitatu. Watu waliokuwa wamejipangia kwamba mambo yakiharibika watauza na kuondoka walikuta mlango umefungwa kwa sheria.

Kanuni za uhasibu zimejaribu kupunguza tatizo hili. Tangu Januari 2018, mahali ambapo kiwango cha kimataifa cha IFRS 9 kinatumika, benki inatakiwa kutenga fedha za hasara inayotarajiwa tangu siku mkopo unapotolewa, isisubiri uharibike. Ni hatua nzuri. Ila makadirio ya hasara hutokana na historia, na benki mpya haina historia yake yenyewe. Inaazima ya wengine, au inakisia.

Mtaji nao una hadithi yake. Wanunuzi wengi wa hisa za mwanzo hufikiri fedha wanazotoa ndizo benki itakazotumia hadi ifike kwenye faida. Mara chache huwa hivyo. Benki changa huanza kwa hasara: kodi za matawi, mishahara, mifumo, matangazo, vyote vinalipwa kabla mapato ya riba hayajakua. Ikianza kukua inahitaji mtaji tena, maana kila mkopo mpya unadai sehemu yake ya mtaji. Kwa hiyo hurudi sokoni kuomba. Wakati mwingine huuza hisa stahiki, yaani wanahisa waliopo wanapewa nafasi ya kwanza ya kununua kulingana na hisa walizo nazo. Wakati mwingine humkaribisha mwekezaji mkubwa na kumpa bei ya punguzo. Mwekezaji mdogo ambaye hana fedha ya kuongeza hupunguzwa, kwa maana kwamba hisa zake zinabaki idadi ile ile katika keki iliyokatwa vipande vingi zaidi.

Hesabu yake ni fupi. Benki ina hisa 100 na mtaji wa 1,000, kwa hiyo kila hisa ina 10 kwenye vitabu. Miaka mitatu ya mwanzo inapoteza 300. Imebaki 700, yaani 7 kwa hisa. Soko halina raha, kwa hiyo inauza hisa mpya 100 kwa bei ya 5 kila moja. Sasa mtaji ni 1,200 na hisa ni 200: kila hisa ina 6. Aliyekuwa na asilimia 10 ya benki ana asilimia 5. Benki inaweza kupona kabisa baada ya hapo, ikapata faida kila mwaka, na mtu huyu bado akasubiri muda mrefu sana kabla hajarudi alipoanzia.

Metro Bank ya Uingereza iliyapitia haya mbele ya macho ya watu wote. Ilipofungua milango mwaka 2010 ilisifiwa kuwa benki mpya ya kwanza ya mitaani London kwa zaidi ya miaka 100. Matawi yalifunguliwa siku saba kwa wiki, wateja waliipenda, na niliowasikia wakiisifu walikuwa wakisema kweli kuhusu huduma. Iliingia soko la hisa Machi 2016 kwa pauni 20. Miaka miwili baadaye hisa ilivuka pauni 40. Julai 2018 ikakusanya pauni milioni 303 kwa kuuza hisa kwa zaidi ya pauni 34 kila moja. Kisha Januari 2019 ikatangaza kwamba baadhi ya mikopo, ikiwemo iliyodhaminiwa na majengo ya biashara, ilikuwa imepewa uzito mdogo wa hatari kuliko ilivyostahili. Mali zilizopimwa kwa hatari zikaongezeka kwa pauni milioni 900, maana yake mtaji uliodhaniwa kutosha haukutosha. Siku hiyo moja hisa ilianguka kwa asilimia 39. Mei mwaka huo iliuza hisa nyingine kwa pauni 5. Oktoba 2023, katika mpango wa uokoaji, iliuza hisa mpya kwa peni 30, na mwekezaji mmoja kutoka Colombia, Jaime Gilinski, akaishia na zaidi ya nusu ya benki.

Kutoka pauni 34 hadi 5 hadi peni 30. Benki haikufungwa, na hakuna mteja aliyepoteza amana. Anayesema benki ilinusurika anasema kweli, lakini mwanahisa wa 2016 aliyeshindwa kuongeza fedha hakunusurika kwa maana yoyote inayomhusu yeye.

Kuna wanaonijibu kwamba hizi ni benki zilizokosea. Wanasema wao wanachagua benki nzuri, yenye faida na uongozi safi. Hoja hii naiheshimu, na jibu lake liko Korea Kusini. KakaoBank ilianza kazi Julai 2017 bila tawi hata moja, kwenye simu tupu, na kufikia 2019 ilikuwa imepata faida ya mwaka mzima, jambo ambalo benki changa nyingi hulisubiri muda mrefu kuliko huo. Agosti 2021 iliuza hisa kwa won 39,000. Siku ya kwanza ya biashara hisa ilifunga juu kwa asilimia 79, na soko likaithaminisha KakaoBank kuliko makundi makongwe ya kibenki ya nchi hiyo yenye mikopo mingi kuiliko mara kadhaa. Baadaye mwezi huo huo ilipita won 90,000. Mwaka uliofuata faida ya benki iliongezeka, haikupungua. Oktoba 2022 hisa ilikuwa chini ya won 20,000.

Benki haikufanya kosa lolote kubwa. Kosa lilikuwa bei. Faida ya benki hutokana na mtaji wake, kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachokitazama ni bei ya hisa ikilinganishwa na mtaji ulio nyuma ya hisa hiyo. Benki inayopata asilimia 15 ya mtaji wake kwa mwaka ni benki nzuri sana. Ukiinunua kwa bei sawa na mtaji, unapata 15 kwa kila 100 uliyotoa. Ukiinunua kwa mara tatu ya mtaji, unapata 5, na pengine amana ya muda maalumu katika benki hiyo hiyo inakulipa zaidi, bila wasiwasi wowote. Anayelipa mara tatu au nne amekwisha kulipia ukuaji wa miaka mingi ijayo, na benki ikifanikiwa vile ilivyoahidi, yeye hapati zaidi ya kawaida. Ili apate zaidi, benki inapaswa kupita ahadi zake. Siku za mwanzo, leseni ikiwa bado inazungumzwa kila mahali, ndizo siku ambazo bei hii huwa juu kuliko wakati mwingine wowote.

Kuna pia masharti ya leseni, ambayo watu huyaruka kwenye waraka kwa sababu yameandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mwaka 2014 Benki Kuu ya India iliwapa kibali wawili tu kati ya waombaji 25, kampuni za fedha za IDFC na Bandhan. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba kampuni mama ipunguze umiliki wake hadi asilimia 40 ndani ya miaka mitatu ya kuanza kazi. Bandhan Bank iliuza hisa kwa umma Machi 2018 kwa rupia 375, bei ikapanda, lakini kampuni mama ilibaki na zaidi ya asilimia 80. Septemba mwaka huo benki kuu iliizuia kufungua matawi bila ruhusa na kugandisha malipo ya mkurugenzi mkuu. Siku ya biashara iliyofuata hisa ilianguka kwa asilimia 20. Sharti lilikuwa limeandikwa tangu 2013 na tarehe ya mwisho ilijulikana. Kwa mwekezaji mdogo, sharti la namna hii lina maana mbili: adhabu ikitolewa anaumia, na sharti likitekelezwa hisa nyingi zinamwagwa sokoni kwa pamoja. Vivyo hivyo kwa waanzilishi waliozuiwa kuuza kwa muda fulani. Tarehe ambayo kizuizi kinaisha inafaa kuandikwa kwenye kalenda.

Kwa anayependa takwimu kuliko hadithi za benki moja moja, Shirika la Bima ya Amana la Marekani liliwahi kufuatilia benki zaidi ya 1,000 zilizoanzishwa nchini humo kati ya 2000 na 2008. Kufikia 2015, 133 kati yake zilikuwa zimefilisika, kama asilimia 13. Kwa benki ndogo zilizokuwapo tangu zamani, katika kipindi hicho hicho, ilikuwa asilimia 4.9. Msukosuko wa 2008 uliwakuta wote, wakongwe kwa wachanga, ila ulipofika wachanga walikuwa na mikopo mibichi.

Najua kinachoniudhi mimi hakimuudhi kila mtu. Wapo wanaoweza kupoteza fedha hizo bila kutikisika, na kwao hisa za mwanzo ni bahati nasibu ya halali. Ninayemfikiria ni yule ambaye fedha ya hisa ni akiba ya miaka minne au mitano, anayesukumwa na dalali kwamba dirisha linafungwa Ijumaa. Huyo mara nyingi ana amana katika benki hiyo hiyo, na pengine ameajiriwa humo au ndugu yake ameajiriwa humo. Benki ikitikisika, hisa, akiba na mshahara vinatikiswa siku moja. Kibaya zaidi ni kukopa ili kununua. Nimeona mtu akifanya hivyo, na sitaki kuona tena.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni HDFC Bank yenyewe. Aliyenunua kwa rupia 10 mwaka 1995 alitajirika. Mimi namwambia asubiri, je, simwibii utajiri huo?

Nimelifikiria swali hili kwa uaminifu, na jibu langu ni kumrudisha msomaji kwenye Julai 2004. Siku Global Trust Bank ilipoanguka, HDFC Bank ilikuwa na miaka tisa. Mikopo yake ilikuwa imepita kwenye anguko la soko la hisa la 2001, lile lililoiumiza Global Trust, na ilikuwa imetoka salama. Mkurugenzi mkuu alikuwa yule yule wa tangu mwanzo, Aditya Puri, ambaye angebaki hadi 2020. Kila kitu ambacho waraka wa 1995 haukuweza kueleza kilikuwa sasa kiko wazi kwenye hesabu za miaka tisa. Hisa ilikuwa kati ya rupia 300 na 400. Imepanda sana, watu wangesema, umechelewa. Hisa moja ya siku hiyo, baada ya migawanyo ya 2011 na 2019, ilikuwa imekuwa hisa kumi, na miaka ishirini baadaye thamani yake ilikuwa zaidi ya mara 30 ya bei ya 2004. Aliyesubiri miaka tisa alikosa sehemu ya kwanza ya safari. Alikosa pia uwezekano wa kuwa amepanda gari la Global Trust, na mwaka 1995 hakuna aliyejua kwa hakika gari lipi ni lipi.

Kusubiri si kukaa bure. Katika miaka hiyo nasoma ripoti za mwaka, na nazisoma kutoka nyuma, kwenye maelezo ya hesabu. Nataka kujua amana zinatoka wapi: benki inayolipa riba kubwa kuliko wenzake ili ipate amana italazimika kukopesha watu ambao wengine wamewakataa, ndipo ifidie gharama hiyo. Nikiona waweka amana wachache wakubwa wanashikilia sehemu kubwa ya amana zote, najua mmoja wao akiondoka benki itahangaika. Mikopo kwa wakurugenzi na kampuni zao naitazama kwa jicho kali kuliko kitu kingine chochote. Naangalia hisa zinauzwa kiasi gani kwa siku, maana hisa za benki ndogo huweza kukaa wiki nzima bila mnunuzi, na bei iliyoandikwa ubaoni haina faida kwa mtu asiyeweza kuipata.

Ila jedwali ninalolitafuta hasa ni lile linaloonesha mikopo kulingana na mwaka iliotolewa. Benki nyingine hulichapisha, nyingine unapaswa kuliulizia kwenye mkutano mkuu, na mwanahisa mwenye hisa moja ana haki ya kusimama na kuuliza. Swali langu huwa moja: kati ya mikopo mliyotoa mwaka wenu wa kwanza na wa pili, mingapi inaendelea kulipwa leo? Benki yenye miaka mitano inaweza kulijibu swali hilo kwa tarakimu. Ikijibu vizuri, na bei ya hisa haijapita sana mtaji wake, hapo ndipo nampigia simu dalali.